Baraza la Mawaziri Lapita Wodi ya Sita Mikono Juu

"Basi ungempa huo mkono! Ungekatika?"

"Wangu usingekatika, Bi Tunu. Ungekatika mguu wa mumeo."

Bi Tunu alikuwa amesimama juu ya ndoo aliyoigeuza, kidevu kimeegemea ukuta unaotenganisha ua wake na ua wa Nesi Pendaeli. Sisi majirani tulikuwa tumeshatoka na vigoda, maana mtaani kwetu ugomvi wa ukutani hausikilizwi kwa kusimama, unachosha. Aliyekuwa na karanga alileta karanga.

"Mtu kaja na magodoro mapya," Bi Tunu akaendelea, "kaja na kamera, kaja na matarumbeta mpaka mlangoni mwa wodi, anakunyooshea mkono, na wewe mikono yako unaificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari!"

"Nilimwambia anawe kwanza."

"Waziri! Umwambie Waziri anawe!"

"Alikuwa ametoka kushika vidonda kumi na vinane, shoga, na vingi vina mdudu. Alikuwa anakwenda kitanda cha ishirini. Mumeo yuko cha ishirini na tatu. Hesabu mwenyewe."

Bi Tunu akahesabu kwa vidole, tukamwona. Kisha akashuka kwenye ndoo bila kuaga, na sisi tukabaki na karanga zetu tumenuna kidogo, maana tulitegemea ugomvi wa saa nzima.

*

Ngoja niwaeleze vizuri, maana msomaji mgeni anaweza kudhani sisi ni watu wa ajabu.

Nchi yetu inaitwa Shangweni. Msiitafute kwenye ramani. Ramani mpya bado inasubiri kuzinduliwa. Shangweni, kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo, na kilichozinduliwa kipo hata kama hakipo. Imeandikwa hivyo kwenye Katiba, na Katiba yenyewe imezinduliwa mara nne.

Halafu sisi ni watu wa kupeana mikono. Nembo ya taifa ni mikono miwili imeshikana. Ukimnyima mtu mkono, umemtukana yeye, ukoo wake na wimbo wa taifa kwa pamoja. Waziri wetu wa Afya na Hafla, Mheshimiwa Kirumbo, aliupata ubunge kwa siku moja tu, siku aliyopeana mikono na watu elfu tatu bila kumuuliza hata mmoja shida yake. Watu wakasema, huyu ndiye, hana makuu.

Basi katika Hospitali ya Ushindi wa Kudumu, Wodi ya Sita, wodi ya vidonda, akaingia bakteria. Sisi tunamwita mdudu, kwa sababu bakteria ni jina kubwa mno kwa kitu kisichoonekana. Maabara walimjaribu kwa dawa tisa, zote akazila kama vitafunio. Wataalamu wakasema amekuwa sugu kwa sababu watu wanatumia dawa ovyo. Hilo lilitushangaza sana. Sisi dawa hatutumii ovyo hata kidogo. Kidonge cha rangi mbili tunameza kimoja kwa mafua, kimoja kwa jino, nusu kwa huzuni. Tukipata nafuu tunaacha vilivyobaki kwa ajili ya jirani. Kuku akisinzia, tunampasulia kimoja kwenye maji. Bi Tunu mwenyewe, siku mumewe Kibwana alipoteleza kwenye bati akiziba paa na kuchanika muundi, alimmwagia kidonda unga wa vidonge vitatu, kila kimoja kimetoka nyumba tofauti. Sasa hapo ovyo iko wapi?

Daktari alimwambia Bi Tunu bila kuzunguka: kidonda cha Kibwana ni kikubwa lakini ni safi. Mdudu akikifikia, dawa ya kumzuia hakuna, mguu utakatwa chini ya goti. Na Kibwana ni fundi wa mapaa. Hajui kazi nyingine, wala hataki kujua. Bi Tunu alikuwa akianza kusema, "Fundi wa paa mwenye mguu mmoja..." na hapo anakumbuka kuwa ameacha kitu jikoni.

*

Serikali haikukaa kimya. Kukaa kimya siyo tabia yake.

Iliundwa Kamati ya Taifa ya Kumwondoa Mdudu Asiyesikia Dawa, wajumbe thelathini na mmoja, mwenyekiti Dokta Ngwilizi. Udokta wake ni wa heshima. Alitunukiwa kwa kuhudhuria mikutano mia tano bila kusinzia.

Kwanza, mdudu alipewa saa arobaini na nane awe ameondoka. Amri ilisomwa kwa kipaza sauti katikati ya wodi, wagonjwa wamesimamishwa, wale wanaoweza kusimama. Saa zilipokwisha akaongezewa nyingine ishirini na nne, kwa ubinadamu. Baada ya hapo Kamati ikawa inakuja mara kwa mara kukagua kama kweli ameondoka. Wajumbe wanaanzia kitanda cha kwanza: wanampa mgonjwa mkono, wanambonyeza bandeji kidogo ili picha ionyeshe uchungu walio nao, wanahamia cha pili. Mkono, bonyeza. Cha tatu. Mkono, bonyeza. Betri ya kamera ikiisha, wanaishia hapo.

Wiki ya kwanza betri iliishia kitanda cha sita. Mdudu naye akafika kitanda cha sita. Wiki ya pili, cha kumi na nne, na mdudu naye cha kumi na nne.

"Mnaona?" Dokta Ngwilizi akasema redioni. "Kila tunapofika, naye yupo. Amebanwa! Hana pa kujificha!"

Nesi Pendaeli, ambaye ndiye msimamizi wa wodi hiyo, akachora orodha ya vitanda. Akaona kitu. Kitanda cha kumi na moja kilikuwa salama. Hapo alilala Mzee Mbonde, katibu mstaafu wa chama cha upinzani, ambaye wajumbe walikuwa wakimpita huku wanatazama dari. Nesi akaibeba orodha mpaka ofisini kwa Dokta Ngwilizi.

"Dokta, tazama hapa. Mliyemshika anaugua. Msiyemshika mzima."

Dokta Ngwilizi akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena.

"Nesi, hii ni habari nzito sana. Kumbe huyu mdudu ni wa upinzani."

"Sijasema hivyo, Dokta."

"Anawajua watu wake! Akiwafikia, anawaruka!"

Siku hiyohiyo Mzee Mbonde akahojiwa palepale kitandani na maofisa wawili. Kwa bahati yake njema, walikuwa wanaogopa kumgusa.

Mtauliza, na maji ya kunawa je? Yalikuwapo. Sinki lilijengwa pale pale mlangoni mwa wodi, bomba linang'aa utajitazama meno. Lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, linasubiri kuzinduliwa, na mlinzi amekaa hapo kuulinda utepe. Nesi akabandika karatasi ukutani: NAWA MIKONO. Ikabanduliwa, kwa kuwa bango halijazinduliwa. Baada ya wiki likazinduliwa, peke yake, sinki likiachwa kwa bajeti nyingine ya hotuba. Mheshimiwa Kirumbo alikata utepe wa bango, akapeana mikono na wageni mia mbili waliokuja kushuhudia, kisha akaingia wodini moja kwa moja, mkono, bonyeza, mkono, bonyeza, mpaka kitanda cha kumi na tisa. Hapo ndipo Nesi aliposimama mbele ya cha ishirini na kuweka mikono mgongoni.

Magodoro yalirudi na Waziri. Barua ilimfikia Nesi hata sare hajavua: ndani ya siku saba ampe Mheshimiwa mkono hadharani, la sivyo hana kazi. Chini yake mstari mmoja zaidi: Jumamosi, ili kuifuta aibu hiyo, Baraza zima la Mawaziri litatembelea Wodi ya Sita, na safari hii litapita vitanda vyote arobaini. Betri za akiba zimeshaandaliwa.

*

Kesho yake Bi Tunu hakupanda ndoo. Alipitia mlangoni. Sisi tukamfuata, kwanza kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na pili kwa sababu ndivyo tulivyo.

"Jumamosi watafika cha ishirini na tatu," akasema.

"Watafika."

"Huwezi kuwafungia?"

"Nikifunga mlango nitafukuzwa, na mlango utafunguliwa. Nimewaonyesha orodha, nimewabandikia bango, nimesema kwa mdomo wangu. Hawanawi, Bi Tunu. Hawanawi!" Nesi Pendaeli ni mwanamke mgumu, lakini hapo sauti ilimpasuka, na sisi tukatazama miguu yetu.

Sasa, Bi Tunu ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, arobaini, kipaimara, yeye hana ubaguzi. Palipo na sufuria la kupakuliwa na watu wanne, yupo. Miaka ishirini amesimama nyuma ya moshi akitazama binadamu wanavyokuja kula.

"Nesi," akasema, "umesoma, lakini watu huwajui. Mtu mzima wa nchi hii hanawi kwa kuambiwa ana uchafu. Ukimwambia hivyo ataanza kukutajia baba yake alikuwa nani. Lakini mwambie chakula tayari."

"Chakula?"

"Mwenyewe ananyoosha mikono. Anavua saa. Anakunja shati mpaka huku juu. Na anauliza sabuni! Mtu ambaye hajaulizia sabuni tangu sikukuu iliyopita."

Nesi akafikiri. "Sawa, watanawa. Halafu wataingia, watamshika wa kwanza, watamshika wa pili, tumerudi palepale."

"Kwani chakula nakiweka mlango gani, mwanangu? Maji mlango wa mbele. Masinia mlango wa nyuma. Katikati vitanda vyako."

Nesi akacheka, mara ya kwanza tangu mdudu aingie, na kabla hajamaliza kucheka sisi tulikuwa tunagawana kazi: mimi mchele, yule vitunguu, yule nyama. Mtu mmoja alijitolea kuku wake. Nesi akamkataa, alisema kuku huyo amekwisha kunywa dawa nyingi kuliko wodi nzima.

*

Jumamosi walikuja, magari ishirini na mawili, na tarumbeta mbele. Mheshimiwa Kirumbo alipeana mikono kuanzia getini mpaka kwenye ngazi, akapeana na mlinzi, akapeana na mlinzi wa utepe, akasimama mlangoni mwa wodi na kukohoa kikohozi cha hotuba.

"Ndugu wananchi! Mdudu huyu amechezea Serikali yenye mikono mirefu! Leo tumekuja kumweleza ana kwa ana kwamba mikono hiyo itamfikia popote, itamfikia kitandani, itamfikia kwenye bandeji, itam..."

Hapo pua yake ikageuka kabla ya kichwa.

Harufu ilikuwa imeanza safari kutoka uani, nyuma ya wodi, ikapita vitanda arobaini, ikawafikia waheshimiwa mlangoni kama mwenyeji. Na mbele yao amesimama Bi Tunu, kanga mbili, upawa umechomekwa kiunoni, birika mkononi, beseni miguuni, sabuni kwenye kisahani.

"Karibuni, baba zangu, karibuni mama zangu," akasema kwa sauti yake ya harusini. "Pilau tayari, kachumbari tayari. Nawa kwanza, Mheshimiwa, maji ni ya vuguvugu."

Hakuna aliyeuliza swali. Waziri wa Fedha alivua saa mbili. Waziri wa Mipaka alisugua mpaka kwenye viwiko. Waziri wa Uvumilivu alilalamika kwamba foleni haiendi. Mheshimiwa Kirumbo alinawa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisukumwa sabuni ikiwa bado haijatoa povu.

"Sasa waheshimiwa wangu," Bi Tunu akasema, "chakula kiko mlango ule wa mwisho. Naomba mtu asiguse kitu njiani. Atakayegusa anarudi hapa kunawa upya, na nyama za juu siwezi kumhakikishia."

Basi Baraza la Mawaziri la Jamhuri ya Shangweni likaingia Wodi ya Sita kwa mstari mmoja, mikono imeinuliwa, vidole vimetawanywa, maji yanachuruzika viwikoni. Waliwainamia wagonjwa kwa vichwa tu. "Pole. Pole sana. Pole, mama." Hata Mzee Mbonde alipata pole yake, maana huwezi kutazama dari ukiwa unachunga mikono. Alishtuka mpaka akajibu, "Nimeshapoa."

Kitanda cha ishirini. Cha ishirini na moja. Cha ishirini na mbili. Na hapo Kibwana, mtu wa watu, aliyelelewa vizuri, alipoona Waziri anamkaribia akafanya lile alilofunzwa na mama yake: akanyoosha mkono.

Wodi nzima ikaacha kupumua. Mkono wa Mheshimiwa Kirumbo ukaanza kushuka wenyewe. Siwezi kumlaumu, ule mkono ulikuwa na miaka thelathini ya siasa, ulikuwa unajua njia. Ukashuka mpaka kifuani. Ukashuka mpaka kwenye kitambi.

"Nyama za juu, Mheshimiwa!" Nesi Pendaeli akasema.

Mkono ukarudi juu kama umeungua.

Jambo moja tulilisahau. Televisheni ya taifa ilikuwa hewani moja kwa moja. Nchi nzima ikaona Baraza la Mawaziri linaongozwa kwa mstari, mikono juu, na nyuma yao mwanamke mwenye upawa. Nasikia miji mingine watu walitoka barabarani wakicheza. Nasikia kamanda mmoja wa mkoani alituma salamu za utii kwa Bi Tunu, na baadaye akaeleza kwamba alikuwa anasifia mapishi. Mimi sikuona, nilikuwa uani nagombania ukoko.

*

Tangu siku hiyo kila ujumbe uliotaka kuja Wodi ya Sita ulipiga simu kwanza kuuliza kama Bi Tunu yupo, na wote waliona saa ifaayo kwa ukaguzi ni saa saba mchana. Wakanawa, wakapita mikono juu, wakala, wakaenda. Mlinzi wa utepe naye alikwenda kula, na aliporudi akakuta utepe umekatika wenyewe. Tangu hapo wauguzi wakawa wananawa sinkini kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nesi aliwahamishia wale wagonjwa kumi na wanane wenye mdudu upande wao, na mabeseni yao, na kipimo chao cha joto, na muuguzi wao. Kuhusu ile barua ya siku saba, wanasheria wa Wizara walibishana kama mkono ulioinuliwa juu unaweza kutolewa au kuzuiwa, wakaahirisha.

Mdudu hakuvuka kitanda cha kumi na tisa.

Kamati ikafurahi sana, ikaandika ripoti. Kwa kuwa mdudu alisimama wiki ileile pilau ilipoanza, ripoti ilisema mdudu anauawa na pilau.

Hospitali zote zikaagizwa kupika. Bungeni walibishana siku tatu: upande mmoja ulisema kinachoua ni iliki, upande wa pili ukasema mdalasini, na wabunge tisa wakatoka nje kwa ajili ya bizari. Kwenye Hospitali ya Taifa, kule makao makuu, ambako mdudu naye alishafika, madaktari walilazimika kuandika vyeti: pilau, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Wajumbe wa huko ni wakubwa zaidi, hawali kwa mkono. Waliwekewa meza, vitambaa vyeupe, uma na vijiko. Kwa hiyo hakuna aliyenawa. Waliwapa wagonjwa mikono, wakabonyeza bandeji, wakala kwa kijiko. Mdudu akamaliza ghorofa mbili. Wakaongeza iliki. Akapanda ya tatu.

*

Alhamisi moja, saa saba kasorobo, Kibwana akarudi nyumbani. Alishuka kwenye teksi mwenyewe, kwa miguu yote miwili, mmoja bado unachechemea, akatazama paa la nyumba yake na kusema, "Nani kaliziba hivi?" Bi Tunu akalia, akamtukana, akalia tena. Nyumba ilijaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Mikeka ilitandikwa kutoka sebuleni hadi uani, na Nesi Pendaeli, ambaye alikuwa mgeni rasmi, alikataa kukaa. Alishika birika akawa anazunguka kunawisha watu.

Katikati ya vigelegele likasimama gari jeusi. Akashuka Dokta Ngwilizi, suti imemlowa, bahasha mbili mkononi.

"Nesi," akasema pale kizingitini, "nina barua mbili. Hii inakufukuza kazi. Hii inakuteua Mshauri Mkuu wa Pilau ya Taifa."

"Ipi imesainiwa?"

"Zote." Akajifuta jasho. Kisha sauti ikamshuka, na kwa mara ya kwanza hakuongea kama redio. "Mheshimiwa alijikata kidole kwa mkasi wa kuzindulia. Yuko Hospitali ya Taifa, ghorofa ya tatu. Kidonda hakisikii dawa. Ana homa. Ananiuliza kila saa, ninyi mlifanyaje. Tumetia iliki, tumetia mdalasini, jana tumetia mpaka zafarani. Nakuomba, Nesi. Siri yake ni nini?"

Watu wote wakamgeukia Nesi. Nesi akafungua mdomo, na ninajua angemweleza, kwa orodha na kwa mdomo, kama alivyowaeleza tangu mwanzo. Lakini Bi Tunu alishamfikia Dokta, akazichukua zile bahasha mbili kwa ncha za vidole, akaziweka juu ya kabati na kumsukumia beseni kwa mguu. Kibwana akasogea mkekani.

"Mambo ya siri baadaye, Dokta, chakula kinapoa," Bi Tunu akasema. "Hapa kwetu hakuna kijiko. Vua saa, kunja shati, lete mikono kwa Nesi. Mpaka kwenye viwiko, baba. Haya, karibu ndani, karibu tule."